UZI: Nyasi za nyumbani zinakufa kwa kukosa hewa, tutoboe udongo kabla ya kung'oa (Mbeya na Nyanda za Juu Kusini)

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauleta kwa wenye bustani ya nyasi nyumbani, hasa sisi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Mtaani kwangu mwaka huu nimeona majirani watatu waking'oa nyasi zote na kupanda upya, na wa nne amechoka kabisa akaweka pevingi uwanja mzima. Imeniuma, maana nyasi zile hazikuwa na ugonjwa wala hazikukosa mbolea. Udongo chini yake ulikuwa umeshindiliwa mpaka mizizi haipumui. Mimi mwenyewe nilikaa misimu miwili bila kulijua hilo, kwa hiyo naeleza nilivyogundua na nilivyotibu. Mwenye swali aulize.

Uwanja wangu ni mita 8 kwa 10, nyasi ni Kikuyu. Hizi ndizo zinazopenda huku kwetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na baridi yetu zinaelewana nayo. Mwaka wa kwanza zilijaa vizuri sana. Mwaka wa pili vikaanza vipara: njia ya kutoka getini kwenda mlango wa jikoni, sehemu watoto wanapocheza mpira, na pale gari linapogeuzia. Mvua ikinyesha maji yanatuama nusu siku. Ikifika Julai panakuwa pagumu kama sakafu.

Kila niliyemuuliza alinijibu mbolea. Nikamwaga urea. Nyasi zikaungua ncha, zilizobaki zikawa za kijani wiki tatu, halafu hali ikarudi ileile. Msimu uliofuata nikarudia, matokeo yakawa yaleyale. Mwingine akaniambia ni baridi ya Mbeya. Lakini pembeni ya ukuta, kwenye baridi hiyohiyo, nyasi zilikuwa zimenona hadi zinafunika kiatu. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuangalia chini badala ya juu.

Nikachukua bisibisi ndefu. Pale ukutani ilizama mpaka kwenye mpini kwa kusukuma kwa mkono tu. Kwenye njia ya getini iliingia kama sentimita mbili ikagoma, na ilikuwa siku moja tu baada ya mvua. Nikaleta sepetu nikakata kipande cha nyasi cha mraba, nikakipindua. Mizizi yote ilikuwa imejikunja kwenye sentimita tatu za juu, imelala ubavu kama nywele zilizosukwa. Chini yake kulikuwa na udongo wa kijivu uliobanana, na ukiunusa unatoa harufu ya tope la mtaroni. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umepita pale. Nyungunyungu pia sikuona.

Nikakumbuka nyumba ilivyojengwa. Malori yalipita hapohapo na tripu za mchanga na mawe. Udongo mweusi wa juu ulichotwa wakati wa msingi. Ujenzi ulipoisha, kifusi kikasambazwa na kushindiliwa, juu yake tukaletewa udongo mweusi wa kiganja kimoja kwenda chini, tukapanda nyasi. Mwaka wa kwanza ziliishi kwa ule udongo wa juu. Ulipoisha nguvu na kukanyagwa, hazikuwa na pa kwenda.

Nadhani nyumba nyingi mpya za huku zimejengwa hivyohivyo.

Mama wa Ipogolo

Kamwene wakuu. Mkuu mleta uzi, asante, umenieleza uwanja wangu kabisa. Naomba kuuliza: mzizi unahitaji hewa ya nini wakati majani yako juu yanapata hewa?

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Kamwene mama. Swali zuri, na hapa ndipo palipofunga kila kitu kwangu.

Mzizi unapumua wenyewe. Unatumia oksijeni kupata nguvu ya kukua na kuvuta maji na chakula, na oksijeni hiyo inatoka kwenye nafasi zilizo ndani ya udongo, haishuki ya kutosha kutoka kwenye majani. Udongo mzuri, ukiuona umetulia, karibu nusu yake ni nafasi tupu. Nafasi kubwa zinapitisha hewa na kushusha maji ya mvua, zile ndogondogo zinashika maji ya akiba. Ukikanyaga, nafasi kubwa ndizo zinazokufa kwanza. Zinabaki zile ndogo. Ndiyo maana udongo ulioshindiliwa una tabia mbili zinazoonekana kama zinapingana: masika unakuwa tope lisilokauka, kiangazi unakuwa tofali.

Na mbolea ukimwaga juu ya hali hiyo, mzizi hauna nguvu ya kuichukua. Nyingine inaondoka na maji yanayotiririka kwenda mtaroni. Pesa yako inaenda kwa jirani wa chini.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: udongo uliolowa unashindiliwa kirahisi kuliko mkavu. Gari likipita juu ya nyasi mara moja Aprili linaweza kuumiza zaidi ya mara nyingi za Septemba. Kuanzia hapo nimezuia gari kabisa kugeuzia kwenye nyasi.

Fundi Nzovwe

Mkuu, nenda kwenye tiba. Umetoboa kwa nini? Mimi nina ile foki ya bustani, nilichoma uwanja wote, sikuona tofauti kubwa.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Fundi, foki inasaidia, ila ina kasoro. Ukichoma kwa kitu kigumu chenye ncha, udongo hautoki, unasukumwa pembeni. Kuta za lile tundu zinabanana zaidi. Kwa uwanja uliochoka kidogo foki inatosha, hasa ukiichoma halafu ukaitikisa mpini mbele na nyuma ili udongo upasuke. Kwa uwanja kama wangu unatakiwa kutoa udongo nje kabisa, uache shimo tupu. Zile kandambili za misumari wanazouza mtandaoni mimi sizishauri hata kidogo, unatoboa vitundu vya msumari huku unakanyaga kwa uzito wako wote.

Huko nje kuna mashine za injini za kazi hii. Kwa uwanja wa nyumbani mimi sijaona haja. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea na vipande viwili vya bomba la chuma la nusu inchi, kila kimoja sentimita 25. Akavichomelea kwenye kipande cha chuma bapa, vikiwa vimeachana sentimita 10, na juu akaweka mpini wa kushika kwa mikono miwili. Chuma hicho bapa ndicho cha kukanyagia na kipo sentimita 10 kutoka midomo ya bomba, kwa hiyo haiwezi kuzama zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza kosa letu la kwanza, likuokoe. Tulinoa midomo tu, hatukufanya kingine. Nilipiga matundu sita, udongo ukanasa ndani ya bomba, nikawa kila baada ya hatua mbili nachokonoa kwa nondo. Nikamrudia fundi. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, alibana midomo ya bomba kwa nyundo kidogo sana, iwe myembamba kuliko tumbo la bomba, ili udongo ukishaingia uwe na nafasi ya kuteleza. Pili, juu ya ile sehemu ya kukanyagia alikata dirisha upande mmoja wa kila bomba. Baada ya hapo, ukikanyaga mara ya pili, udongo wa mara ya kwanza unasukumwa juu na kutokea dirishani wenyewe. Unadondoka kipande kimoja mviringo, kama betri ndogo ya tochi.

Vile vipande vya kwanza nilivishika mkononi nikavikatisha katikati. Juu mweusi, wa kuvunjika, una mizizi. Chini wa kijivu, umelainika kama plastisini ya kuchezea watoto, hauna kitu. Mstari unaotenganisha ulikuwa wazi kabisa.

Hesabu ya kazi ni hii. Tundu kila baada ya sentimita 10 ni matundu 100 kwa mita moja ya mraba. Uwanja wangu wa mita za mraba 80 ni matundu 8,000, na kwa bomba mbili ni kukanyaga mara 4,000. Usiogope. Nilifanya asubuhi za Jumamosi tatu, kwa muda wa saa mbili hadi tatu kila asubuhi. Ukichoka, anza na vipara na njia zinazopitwa, huko pembeni ya ukuta pasipokanyagwa unaweza kupaacha kabisa.

Kijana wa Uyole

Samahani mkuu, mimi natofautiana kidogo. Udongo wetu wa Mbeya ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unapitisha maji vizuri. Huu ushauri wa kutoboa naona ni wa sehemu za mfinyanzi.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Ndugu yangu, uko sahihi kuhusu udongo wa asili. Majivu ya volkano ya huku kwetu ni mepesi na yana nafasi nyingi ndani yake, na kwenye kiwanja ambacho hakijaguswa na lori sitamwambia mtu atoboe chochote. Ndiyo maana nilianza na bisibisi. Iingize sehemu kumi tofauti udongo ukiwa na unyevu. Ikizama bila shida kote, funga uzi huu ukapumzike, tatizo lako liko kwingine: kivuli, kukata nyasi fupi mno, wadudu, au njaa ya kweli ya mbolea.

Ila tukubaliane kwamba kiwanja kikishajengwa, mara nyingi unachokanyaga siyo tena udongo ule wa Mungu. Ni kifusi, moramu na mabaki ya ujenzi. Mimi kona moja bomba liligoma kabisa, nikachimba, nikakuta bamba la zege, ndipo mafundi walipokuwa wanakorogea. Hapo kutoboa hakusaidii, nililing'oa kwa mtaimbo na kujaza udongo mpya.

Na tahadhari kwa wote: kabla ya kutoboa, kumbuka bomba la maji na nyaya za taa za bustani zimepita wapi. Mafundi wengine wanazifukia juujuu sana.

Parachichi Njombe

Mkuu, na wakati? Huku kwetu baridi ya Juni na Julai mpaka nyasi zinaganda asubuhi, zinakuwa nyeupe, halafu zinageuka kahawia. Naweza kutoboa sasa hivi ili mvua ikianza ziwe tayari?

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Usifanye hivyo, nakuomba. Hili nimelipata kwa gharama.

Mwaka wa kwanza wa kutoboa nilifanya Agosti, kipande kidogo cha majaribio. Nilifikiri kama wewe, mvua ikija ikute matundu tayari. Nyasi za Kikuyu wakati huo zimelala, hazikui. Upepo mkavu ukaingia kwenye matundu, udongo ukapasuka kufuata mistari yangu, na mizizi michache iliyokuwepo ikakauka. Kile kipande kilichelewa kuchipua kuliko sehemu ambazo sikuzigusa.

Tundu ni jeraha. Nyasi inatakiwa iwe na nguvu ya kuliponya. Kwetu mvua kwa kawaida zinaanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Subiri zianze, ziache nyasi zichipue wiki mbili tatu, ukate mara moja, halafu toboa. Desemba hadi Januari ndio wakati wangu. Ukichelewa, Machi bado inafaa kama pana siku za kupumua kati ya mvua. Huko Njombe, Makete na Mafinga kwenye barafu ya usiku, ningependa mmalize mapema zaidi ili nyasi zifike Juni zikiwa na mizizi mirefu.

Na siku yenyewe iwe ya udongo wenye unyevu, siyo tope. Chukua udongo kidogo, ufinye kwenye kiganja. Ukitiririsha maji au kung'ang'ania vidole, subiri siku moja au mbili. Ukiwa mkavu wa vumbi, mwagilia jioni, utoboe kesho yake.

Mama wa Ipogolo

Nimeelewa vizuri sana. Huku Iringa udongo wangu ni mwekundu wa mfinyanzi. Nimeambiwa nikishatoboa nimwage mchanga wa mtoni juu, tripu nzima. Ni kweli?

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Mama, hapana kwa tripu nzima. Mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi haulainishi, unatengeneza kitu kinachokaribia tofali. Ili mchanga ubadilishe tabia ya mfinyanzi lazima uwe mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe, na hiyo ni kazi ya kujenga uwanja upya. Kinachosaidia udongo mwekundu ni mboji au samadi iliyooza kabisa. Viumbe vya udongoni vinaila, vinatengeneza gundi inayoshikanisha chembe za udongo kuwa punje punje, na kati ya punje ndipo nafasi za hewa zinarudi.

Mimi baada ya kutoboa nilifanya hivi. Vile vipande vya udongo niliviacha palepale juu ya nyasi siku mbili vikauke, nikavivunja kwa mgongo wa reki. Usivitupe, ni udongo wako, na vikisambaa vinasaidia lile godoro la nyasi kavu lioze haraka. Halafu nikachekecha mboji kwenye wavu wa dirisha la banda la kuku, nikaisambaza unene wa nusu sentimita tu, nikaipitisha ufagio wa chelewa mpaka ikaingia matunduni na majani yakabaki yanaonekana. Kwa mita 80 za mraba ni lita 400, kama toroli saba za lita 60. Ukizidisha ukafunika majani, unazinyima mwanga.

Samadi mbichi usiweke. Inaunguza na inakuletea mbegu za magugu yote ya zizini.

Mbolea ya dukani niliweka wiki moja baadaye, CAN kilo moja na nusu kwa uwanja mzima, nikamwagilia papo hapo. Ni kidogo kuliko urea niliyokuwa namwaga zamani, lakini mwaka huo ndio nilioona kazi yake.

Parachichi Njombe

Hilo godoro ulilolitaja ndilo ninalo mimi. Ukitembea unadunda. Majani ya juu ni kijani, ukichana chini yote ni kahawia.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Dada au kaka, hiyo ni tabia ya Kikuyu. Inatambaa juu ya mashina yake yenyewe mwaka hadi mwaka. Pima: kata kipande, angalia yale mabaki ya kahawia kati ya majani na udongo yana unene gani. Chini ya sentimita moja ni sawa, yanatunza unyevu. Yakipita sentimita moja na nusu yanaanza kuzuia maji na mbolea, na mizizi inaota ndani ya godoro badala ya udongoni, kiangazi kikija inakauka kwanza.

Hapo kutoboa peke yake hakutoshi. Chana kwa reki ya chuma kwa nguvu, mwelekeo mmoja halafu mwingine, utoe yale mabaki, kisha ndio utoboe. Uwanja utaonekana umeharibika kwa wiki mbili hivi. Kikuyu ina nguvu, itarudi, mradi ni msimu wa kukua.

Kiwira

Huku Tukuyu mvua haituachi, tatizo langu ni kuvumwani (moss) ya kijani kama zulia, hasa chini ya mparachichi.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Mkuu, hapo una mambo mawili, kivuli na maji. Toboa kuondoa maji, na punguza matawi ya chini ya mparachichi mwanga ufike. Kikuyu haitaki kivuli. Kama kivuli hakiondoki, kwa maoni yangu hapo chini ya mti weka matandazo ya majani na uachane na nyasi. Tena chini ya mti usichome bomba hovyo, mizizi ya mparachichi iko juujuu na haipendi kujeruhiwa. Kuhusu chokaa, usiweke kwa kusikia tu, pima kwanza uchachu wa udongo, kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kiko karibu na wewe, anzia hapo kuuliza.

Fundi Nzovwe

Mkuu, nimechomelea ya kwangu leo, bomba tatu badala ya mbili.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

Tatu itakuchosha, fundi. Uzito wako unagawanyika mara tatu, kwenye udongo mgumu haitazama. Kama ikigoma, ondoa ya katikati.

Fundi Nzovwe

Kweli, imegoma kwenye njia ya geti. Nimetoa moja, inazama. Na kile kipande cha kijivu nimekiona, kina harufu hiyohiyo uliyosema.

Ukoka Isyesye (mleta uzi)

MREJESHO kwa walioniuliza inbox kuhusu matokeo.

Huu ni msimu wa pili tangu nitoboe. Narudia kila mwaka njia ya geti na uwanja wa watoto tu, sehemu nyingine naruka. Njia yenyewe nimeweka mawe bapa ya kukanyagia, maana hakuna nyasi itakayostahimili miguu ya kila siku mahali pamoja, hata golini kwenye viwanja vikubwa vya mpira kunakuwa na kipara. Nakata nyasi zibaki sentimita nne hadi tano, na sikati zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja.

Juzi mvua kubwa imenyesha kuanzia saa tisa mchana. Nilisimama barazani nikatazama pale gari lilipokuwa linageuzia. Zamani pangekuwa bwawa mpaka kesho yake. Mvua ilipokatika maji yalikuwa yanang'aa kati ya majani, na kabla sijamaliza kikombe cha chai yalikuwa yameshuka. Nikaenda na sepetu nikakata mraba kama ule wa mwanzo. Mizizi imefuata matundu ya zamani kwenda chini, unaiona imesimama wima kama nyuzi nyeupe ndani ya mboji nyeusi, mirefu kuliko kidole changu cha kati, na kati ya tundu na tundu imeanza kuingia kwenye ule udongo wa kijivu. Nyungunyungu walikuwa wawili. Nikakirudisha kipande mahali pake, nikakikanyaga taratibu kwa mguu mtupu.

Mama wa Ipogolo, ukishamaliza Desemba tuletee picha ya mizizi, siyo ya majani.